Kuichangamsha skuta ya GY6 bila kuiua injini

Skuta nyingi ndogo zinazopita mitaani kwetu, ziwe zimeandikwa jina gani ubavuni, zina injini ya ukoo mmoja: GY6. Asili yake ni mchoro wa Honda wa miaka ya 1980, ukaendelezwa Taiwan na kampuni ya Kymco, kisha viwanda vingi vya China vikaunakili. Ukitaka kujua kama yako ni mojawapo, piga goti upande wa kushoto, futa matope chini ya kesi ya injini karibu na stendi kubwa, usome maandishi yaliyochongwa. 139QMB ni ya cc 50, 152QMI ni ya 125, 157QMJ ni ya 150. Tarakimu ya kwanza inakwambia silinda ni moja. Mbili zinazofuata ni upana wa silinda kwa milimita, na herufi ya mwisho ni alama ya ujazo.

Nitazungumzia 125 na 150, ndizo zinazobeba watu kwenda kazini. Na kuna neno moja ninaloomba ulishike kabla hujafungua hata bolti: nguvu nyingi unayoitafuta tayari unayo, ila inapotea njiani kati ya pistoni na tairi la nyuma. Irudishe hiyo kwanza. Ukishairudisha, kinachobaki kuongezwa ni kidogo, na kinaongezwa kwa gramu, si kwa kutanua silinda.

Pima kabla ya kugusa

Chagua kipande cha barabara unachokijua, chenye kilima kinachoisumbua skuta yako. Mimi nina kilima changu upande wa Goba, Dar es Salaam, nakipanda alfajiri ya Jumapili kabla magari hayajaamka. Anzia palepale kila mara, fungua moto wote, yaani zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, na uangalie umefika juu ukiwa na mwendo gani. Tumia simu yenye programu ya kurekodi mwendo kwa GPS, iwe mfukoni, usome ukishasimama. Mita ya skuta usiiamini, nyingi zinasoma juu kuliko ukweli.

Kwenye tambarare pima kwenda na kurudi, kisha chukua wastani. Kwetu pwani upepo wa kusi peke yake unaweza kukufanya uamini kitu ulichofunga jana kimefanya kazi, kumbe ni upepo wa mgongoni. Andika namba zako kwenye daftari pamoja na tarehe, kilomita za mita na lita ulizotumia. Daftari hilo litakuokolea pesa kuliko spana yoyote.

Hatua ya 1: Rudisha nguvu iliyopotea

Anza na magurudumu. Simamisha skuta kwenye stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono. Likizunguka raundi nusu na kusimama, breki inakwaruza, au beringi imekufa. Upepo wa tairi ukipungua, utaona skuta nzito na utailaumu injini bure. Pima tairi likiwa baridi, ujaze kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko cha skuta au kitabu chake.

Halafu oili, na hapa naomba unisikilize vizuri. GY6 haina filta ya oili ya karatasi kama gari. Ina wavu mdogo tu wa chuma nyuma ya ile bolti kubwa ya chini kushoto. Wavu huo unakamata vipande, haukamati vumbi laini wala unga wa chuma. Maana yake uchafu wote unazunguka ndani mpaka siku utakapomwaga oili. Kwa joto letu na vumbi letu, mimi namwaga kila kilomita 1,500, na sijawahi kujuta. Ujazo ni kama mililita 800 hivi, kwa hiyo gharama si ya kutisha. Ukiichomoa ile bolti, wavu na springi yake vinaanguka kwenye beseni. Viokote, osha wavu kwa petroli, angalia kama kuna vipande vinavyong'aa, rudisha vilevile.

Aina ya oili: 10W-40 inatosha, na kwa injini iliyokwisha tembea sana kwenye joto la pwani 20W-50 ni sawa. Klachi ya skuta ni kavu, iko nje kabisa kwenye kesi ya mkanda, haiogi kwenye oili ya injini kama ya pikipiki. Kwa hiyo hata oili yenye alama ya JASO MB, ile isiyofaa klachi za kuoga kwenye oili, inaifaa. Usiache ya gia ya nyuma pia. Ni kidogo sana, kati ya mililita 100 na 180 kutegemea kesi, ndiyo maana watu huisahau mpaka beringi zianze kulia.

Valvu ndizo zinazofuata, na ndizo zinazopuuzwa kuliko vyote. Watu wengi wanasubiri zipige kelele. Kwenye injini hii tatizo la kawaida ni kinyume: valvu inazama taratibu kwenye kiti chake, nafasi kati yake na kinachoisukuma inakwisha, kelele inapotea, na mwenye skuta anafurahi kuwa injini imetulia. Wakati huo valvu ya ekzosti haifungi sawasawa, moto unapita pembeni yake, inaungua. Dalili ni skuta kugoma kuwaka asubuhi, au ikipata moto inakosa sailensi, yaani inazimika ukiachia mkono wa mafuta. Valvu inayolia kidogo ina afya kuliko iliyonyamaza.

Kuziseti unahitaji fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) na injini iliyolala usiku mzima, baridi kabisa. Fungua kofia ya hedi na kifuniko cha feni upande wa kulia. Zungusha sumaku, gurudumu lililo nyuma ya feni, kwa spana mpaka mstari wa T ukutane na alama ya kesi, huku ukiangalia gia ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu: matundu mawili madogo yalale sambamba na uso wa hedi, tundu kubwa litazame nje. Likitazama ndani, zungusha raundi moja tena. Kwa nyingi kipimo ni milimita 0.10 kwa valvu zote mbili, ila kitabu cha skuta yako kikisema vingine kifuate hicho. Fila inapaswa kupita ikiburutika kidogo, kama kisu kikipita kwenye siagi iliyoganda. Ukikaza nati ya kufungia, pima tena, maana skrubu hujizungusha kidogo wakati wa kukaza.

Plagi haina maneno mengi. C7HSA ya NGK au inayolingana nayo, pengo milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi ya bei mbaya haiongezi nguvu kwenye injini hii, inadumu zaidi tu. Na hakikisha ni ya kweli, kwa sababu feki zimejaa.

Hatua ya 2: Ipe injini hewa ya kujipoozea

Injini hii inapozwa na feni iliyofungwa kwenye sumaku. Feni inavuta hewa, na makava ya plastiki yanaiongoza kuzunguka silinda na hedi. Kava likipasuka au fundi akilisahau chini ya meza, hewa inatoka pembeni na silinda inaachwa. Nimeona skuta nyingi zikitembea bila kava la chini, mwenyewe akiamini kwamba silinda ikionekana ndiyo inapoa. Si kweli. Pikipiki inapozwa na upepo wa mbele kwa kuwa silinda yake imesimama mbele. Ya skuta imefichwa chini ya kiti.

Fungua makava yote, toa matope yaliyokauka na oili iliyogandana kati ya mapezi ya silinda. Tumia brashi ngumu na mafuta ya taa, kisha kausha. Badili sili ya kofia ya hedi kama inavuja, kwa sababu oili ikikutana na vumbi inajenga blanketi juu ya mapezi. Kazi ya saa mbili, gharama karibu na sifuri, na kwa maoni yangu ndiyo inayoongeza umri wa injini kuliko kifaa chochote kinachouzwa kwenye kiboksi chenye picha ya moto.

Hatua ya 3: Kesi ya mkanda, palipo na utamu wote

Hapa tukae kidogo.

Skuta haina gia za kukanyaga. Ina puli mbili na mkanda. Puli ya mbele, mafundi wanaiita variata, ina rola sita ndani. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinatupwa nje, zinasukuma uso mmoja wa puli, mkanda unapanda juu, na skuta inakwenda kwenye gia ndefu. Rola nzito zinasukuma mapema, yaani skuta inaingia gia ndefu kabla injini haijachangamka. Rola nyepesi zinachelewa, injini inabaki kwenye mizunguko ya juu kwa muda mrefu zaidi. Ni hayo tu, na hayo yanabadilisha tabia ya skuta nzima.

GY6 ya 150 inavuta vizuri karibu na mizunguko 6,000 kwa dakika, na nguvu yake ya mwisho iko karibu na 7,500. Ikipanda kilima ikiwa chini ya hapo, inanguruma kwa sauti nzito na haichanganyi. Hapo injini inaumia pia, inabebeshwa mzigo ikiwa imelala. Kwa hiyo kupunguza uzito wa rola kidogo si kuitesa. Kwa mtu anayebeba abiria au anayeishi mlimani, ni kuipumzisha.

Fungua kesi ya kushoto, bolti namba 8 kuzunguka pembeni. Kabla ya kutoa chochote, angalia. Vumbi jeusi kila mahali ni mkanda unaokwisha. Mafuta yaliyorushwa ni sili ya krenki (mhimili mkuu wa injini) au sili ya gia inavuja, tibu hiyo kwanza kwani mkanda wenye oili unateleza. Funika pua unapofuta, vumbi la klachi si la kuvuta.

Toa mkanda usome namba mgongoni. Ukiona 743-20-30, maana yake urefu milimita 743, upana milimita 20, pembe digrii 30. Kesi ndefu hutumia 842-20-30. Nunua namba ileile, usikubali kuambiwa hii inakaribiana. Pima upana kwa venia, kipimo cha kubana cha milimita. Mkanda wa 20 ukishakuwa chini ya 18.5 skuta imepoteza mwendo wa mwisho, kwa sababu unazama kwenye puli ya mbele badala ya kupanda hadi ukingoni. Ukunje kinyume uangalie nyufa kati ya meno yake.

Sasa rola. Ziweke mezani. Rola nzima ni duara kamili. Iliyochoka ina sehemu bapa, ukiibingirisha kwenye kioo inaruka. Rola bapa ndizo zinazofanya skuta itetemeke ikiondoka na kukwama kwenye mwendo mmoja. Za 125 na 150 kwa kawaida ni za milimita 18 kwa 14, na uzito wa kutoka kiwandani huwa kati ya gramu 11 na 13 kila moja. Uzito umeandikwa ubavuni. Kama umefutika, pima kwa mizani ya sonara au ya viungo, zote sita pamoja, ugawe kwa sita.

Shuka gramu 1. Ukitaka sana, gramu 2, basi. Kama ulikuwa na 13, funga 12 au 11. Ukishuka zaidi injini italia kama mashine ya kusaga bila kwenda mbele, mafuta yatakwisha haraka, na mkanda hautafika juu kabisa. Ukitaka nusu gramu, funga tatu za 12 na tatu za 11 kwa kupishana, moja hii, moja ile, ili puli isiyumbe. Usipake grisi kwenye njia za rola. Grisi inakusanya vumbi na kuwa mchanga wa kusagia. Vile vipande vitatu vya plastiki vinavyoshika bamba la nyuma vibadili kama vinacheza.

Kabla ya kufunga, chukua kalamu ya wino mnene uchore mstari mmoja kwenye uso wa puli ya mbele, kutoka katikati hadi ukingoni. Ukishaendesha moto wote kwenye barabara nzuri, fungua uangalie: mkanda utakuwa umefuta wino hadi mahali ulipofika. Ukifuta hadi karibu na ukingo, unatumia gia yote. Ukiishia mbali, rola ni nyepesi mno, au mkanda umekwisha, au springi ya puli ya nyuma ni ngumu kupita kiasi. Mstari wa wino unaniambia zaidi ya maneno ya muuza spea yeyote.

Sasa kufunga, na hapa ndipo krenki nyingi zinapokufa. Bana mkanda kwa mikono miwili kwenye puli ya nyuma mpaka uzame ndani kabisa, ili upande wa mbele ulegee uning'inie. Usipofanya hivyo, mkanda unabanwa kati ya nyuso mbili za puli ya mbele wakati unakaza nati. Nati inagota, unahisi imekaza, kumbe umekaza mkanda. Kilomita chache baadaye mkanda unajipanga, nati inabaki na nafasi, uso wa nje wa puli unaanza kucheza, na meno ya ncha ya krenki yanakatika. Hapo hutengenezi, unanunua krenki. Kwa hiyo kaza kwa vidole kwanza, zungusha puli uhakikishe uso wa nje umekaa kwenye meno na kugusa bushi, ndipo utumie spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kama Nm 55 (newton-mita). Bunduki ya upepo itumie kufungulia tu.

Springi kubwa ya nyuma na springi ndogo za klachi zinauzwa kwa namba za 1,000, 1,500 na 2,000. Kama skuta yako imeshatembea sana na ya zamani imelegea, funga mpya ya kawaida au ya 1,000. Zaidi ya hapo unabana mkanda kwa nguvu, unapata joto, na joto ndilo linaloua mkanda. Kwa matumizi ya barabarani sioni sababu. Bakuli la klachi kama linang'aa kama kioo, lisugue kwa msasa wa 120 pamoja na uso wa viatu, skuta itaacha kuteleza ikianza.

Hatua ya 4: Kabureta na hewa

Niliwahi kuondoa boksi la filta na kufunga filta ya wazi, ile ya koni. Fundi aliyenifungia aliniambia injini itapumua. Ilikuwa kiangazi, njia yangu ya nyumbani ni ya vumbi. Wiki ya kwanza nilisikia sauti nzuri nikadhani ndiyo nguvu. Ilipofika miezi minne injini ilikuwa inakula oili. Ilipofunguliwa silinda ilikuwa na mikwaruzo ya wima, ukipitisha ukucha unakwama. Silinda, pistoni na ringi, vyote vilikwenda kwa sababu ya kitu cha bei ya chakula cha mchana. Tangu siku hiyo boksi langu la filta haliguswi, na nawasihi wengine wasiguse lao.

Kuna sababu ya pili mbali na vumbi. Kabureta ya skuta hizi ina pistoni inayoinuliwa na upungufu wa hewa kupitia diaframu ya mpira. Inahitaji hewa iliyotulia ndani ya boksi. Ukiondoa boksi, upepo wa pembeni unaiyumbisha, na mchanganyiko unakuwa na hewa nyingi kuliko mafuta. Hewa nyingi ni joto, na joto ni pistoni iliyotoboka.

Kwa hiyo: filta ya sponji ioshe kwa maji ya sabuni, ikauke, ipake oili kidogo, kamua. Ya karatasi badili. Angalia mpira unaounganisha kabureta na hedi, ukiinama unaona nyufa. Injini ikiwa sailensi, nyunyizia maji kidogo pale. Sauti ikibadilika, hewa inaingia mahali isipotakiwa. Toa diaframu uinyanyue kwenye mwanga, tundu dogo kama la sindano linatosha kuinyima skuta mwendo.

Kama hujabadili ekzosti wala filta, jeti uliyo nayo, kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, ndiyo sahihi, isipokuwa plagi ikisema vingine. Pata barabara iliyo wazi, endesha moto wote kwa dakika moja hivi, zima injini ukiwa bado unakwenda, serereka hadi pembeni, toa plagi. Rangi ya chai ya maziwa, uko sawa. Nyeupe kama chokaa, mafuta ni machache: panda hatua moja, kama jeti yako ni 105 jaribu 108. Nyeusi ya masizi, mafuta ni mengi. Kabla ya kulaumu jeti kwenye hii ya mwisho, chunguza choki ya umeme iliyo ubavuni mwa kabureta. Itoe, iunge na betri ya volti 12, na kijiti chake kinapaswa kurefuka taratibu ndani ya dakika kama tano. Kisiposogea, skuta yako inatembea na choki siku nzima, petroli inaosha kuta za silinda na kuingia kwenye oili.

Wanaohama na skuta, jueni hili. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, Mbeya karibu 1,700. Hewa inapungua na injini isiyo na taabo (turbo) inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Skuta iliyosetiwa Dar ikifika huko inakuwa na mafuta mengi. Shusha jeti hatua moja, na rola gramu 1, ndipo itakaporudi kuwa skuta uliyoizoea. Ukirudi pwani, rudisha jeti kabla ya safari ndefu, la sivyo utatembea na mchanganyiko mkavu kwenye joto.

Ambavyo sifungi

CDI, kile kiboksi kinachoamuru cheche za plagi, isiyo na kikomo cha mizunguko. Kikomo kiliwekwa kwa sababu springi za valvu na fimbo ya pistoni zina mwisho wake. Mizunguko ikizidi, valvu inachelewa kurudi kitini, na siku moja inakutana na pistoni.

Ekzosti ya wazi bila kubadili jeti, kwa sababu niliyokwisha kuieleza, na kwa sababu ya majirani wanaolala. Vitu vya kuongeza oktani navyo, mgandamizo wa injini hii ni kama 9 kwa 1, petroli ya kawaida ya kituoni inautosha.

Silinda kubwa nakataa kwa mwenye 150. Ya milimita 58.5 inakupa cc 155 tu, hutaisikia. Kubwa zaidi zina kuta nyembamba, zinapata moto na kupinda. Kwa mwenye 125 hali ni tofauti kidogo. 125 na 150 zina mwendo wa pistoni sawa, milimita 57.8, tofauti ni upana: 52.4 dhidi ya 57.4. Siku silinda yako ya 125 ikichoka na unanunua mpya kwa vyovyote, kwenda 150 kunakupa ujazo wa asilimia 20 zaidi, bado uko ndani ya kile GY6 ilichozoea kubeba. Hakikisha silinda mpya inaingia kwenye kesi bila kuitanua, nunua na hedi inayolingana na tundu lake, na jeti pia ibadilike. Kilomita 500 za kwanza usifungue moto wote, wala usiendeshe mwendo mmoja muda mrefu. Mwaga oili ya kwanza ukifika 100. Na kumbuka kadi ya usajili imeandikwa cc za zamani, fuatilia mabadiliko hayo kabla hujapata ajali na bima ikakukatalia.

Mpangilio wa kazi

Usifanye vyote siku moja. Wiki ya kwanza hatua ya 1 na 2, kisha rudi kwenye kilima chako upime. Kwa skuta nyingi nilizoshika, nusu ya malalamiko huisha hapo. Wiki ya pili mkanda na rola mpya za uzito uleule wa kiwandani, pima tena. Ndipo ushushe gramu 1, pima. Ukibadili vitu vitatu kwa pamoja na skuta ikawa mbaya, hutajua urudishe kipi.

Na kwa kuwa sasa itachanganya haraka, viatu vya breki na tairi la mbele viwe vizima kabla ya kilima, si baada yake.

Baada ya kilomita 500 fungua tena kesi ya kushoto. Angalia mstari wa wino umefutwa hadi wapi, shika uso wa puli ya mbele kwa mkono uutikise. Uso huo haupaswi kucheza hata kidogo. Ukicheza, usiwashe hadi umekaza nati upya, mkanda ukiwa umelegezwa kwanza.